Kuna Kitu Kimepungua

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kwa mkono huu huu unaonuka vitunguu, maana nimeusugua kwa ndimu na bado haukubali. U hali gani huko? Goti lako limepoa? Na jiko la shule linakwendaje, hao wanao wa sufuria wanashiba, au bado wanakuchungulia dirishani kabla kengele haijagongwa? Tangu tupate habari kwamba umefanywa mpishi mkuu, baba hana wimbo mwingine. Hata fundi bomba aliyekuja kuziba bomba letu linalovuja alitajiwa cheo chako kabla hajaweka chini mkoba wake.

Huku kwetu, nikiandika kwamba sote hatujambo nitakuwa nimeandika kwa mazoea tu. Watoto wazima, wanarefuka na kupasua suruali magotini. Mdogo wako, yaani mume wangu, mzima. Anashinda gereji chini ya magari ya watu na jioni anarudi mweusi mpaka ndani ya masikio. Mimi mwili ni mzima. Habari za baba zinakuja, usirukie mbele. Nakujua, wifi, wewe husoma barua kuanzia chini, kama mtu anayefunua sufuria kila mara kuona kama wali umeiva. Leo nakuomba uisome kwa mpangilio, na kama umesimama, tafuta kiti.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Kwanza, simu ndani ya nyumba hii haina siri. Chumba cha baba na jiko vimetenganishwa na mbao tupu, na baba macho yamechoka lakini masikio bado ni ya kijana. Pili, na usininunie, kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu, umeshaniuliza kama kitunguu kilitangulia au karoti. Barua haikatizwi. Nitampa yule mama wa mitumba anayekuja huko kuchukua mzigo, na ameniapia kwamba ataitia mkononi mwako mwenyewe, siyo kwa mlinzi wa shule wala kwa mtu mwingine yeyote.

Unakumbuka baba alivyohamia kwetu baada ya kumzika mama. Alikuja na sanduku la nguo na sanduku la vifaa vya kazi, na la vifaa ndilo lililokuwa zito. Akaweka kigoda chake uani, na majirani wote wenye viatu vilivyoachama midomo wakajua kwamba fundi viatu amefika mtaani. Na alikuwa anakula, wifi, nani asiyejua. Sahani ikirudi jikoni ungedhani imeshaoshwa. Mvua zilipoanza ndipo mambo yalipobadilika. Siku hiyo nilipika supu ya viazi, ile ile ya mama. Akanywa vijiko vichache, akaweka kijiko pembeni taratibu, na nilipokwenda kuchukua sinia akaniambia kwa upole kwamba supu ni nzuri, ila kuna kitu kimepungua.

Basi. Maneno yale yakaniingia kichwani nikaanza kuyasikia hata nikifagia. Nikakupigia simu, na hapo ndipo darasa lilipofunguliwa. Ulinifundisha kwamba viazi visikatwekatwe kwa kisu, vichemshwe vizima na maganda yake, vimenywe vikiwa vya moto hata kama vidole vinaungua, halafu vivunjwevunjwe kwa mkono. Kitunguu kikaangwe moto mdogo, kwa subira, mpaka kiwe na rangi ya chai ya maziwa. Karoti ikwaruzwe, isikatwe. Maziwa yaingie mwisho kabisa, moto ukiwa umeshazimwa, la sivyo yatakatika. Pilipili manga itwangwe saa ile ile ya kula. Nikafanya hivyo vyote, na vidole viliungua kweli, nina alama. Baba akaonja, akanishukuru, akasema imekaribia sana, ila kuna kitu kimepungua.

Mume wangu naye akajifanya mtaalamu. Akasema wewe umesahau, mama alikuwa anakaangia kwa siagi, siyo mafuta. Ukasema siagi ya wapi, nyumba ile siagi ilikuwa inaonekana kwa wageni tu. Shangazi yenu akapigiwa simu kuamua kesi, na badala ya kuamua akaleta la kwake, kwamba siri ni ganda la mkate uliolala, linatupwa ndani ya sufuria ili supu iwe nzito. Nikajifunza jambo siku zile: nyinyi mlionyonya ziwa moja, kila mmoja alikuwa na mama yake. Mama wa mume wangu alikaanga mkate uliochovywa kwenye yai asubuhi za baridi. Mama yako wewe alikupikia wali wa maziwa wenye mdalasini uliposhikwa na surua, akakulisha kwa kijiko kidogo cha chai ili upate kuhesabiwa umekula vingi. Nilicheka peke yangu. Kwetu sisi ukiumwa ulipewa uji mwembamba na maneno ya kukuambia uache kudeka, na mpaka leo nikijisikia vibaya ninautamani ule uji na maneno yake yote.

Vyote hivyo nilivipika. Wali wa maziwa baba alishika kijiko akakizungusha kwenye bakuli kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Mkate wa mayai aliubana pembeni ya shavu na kunipigia hadithi ndefu ya mteja wake wa zamani, na mimi nikaondoka hadithi haijaisha. Kila mara jibu ni lile lile. Nilionja chakula mpaka ulimi ukawa haunipi tena habari za kuaminika. Nikamwita jirani wa mlango wa pili anionjee ile supu. Akamaliza bakuli zima, akafuta mdomo, akasema hawezi kuamua mpaka aonje tena kidogo. Na huyo ndiye shahidi niliyekuwa naye.

Sasa wifi, kuna jambo nataka kulisema kisha tuliache. Siku ile ulipozungumza na mdogo wako akiwa ameweka simu sauti kubwa mezani, mimi nilikuwa nasugua masufuria hapo hapo. Ulisema mkono wa kupika mtu huzaliwa nao, na asiyezaliwa nao hata umpe maelezo ya mwaka mzima atapika maji. Ukasema mzee wa watu atakufa njaa katika nyumba yenye mwanamke. Mume wangu alizima sauti haraka, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Liliniuma. Liliniuma mpaka nikawa nasugua sufuria iliyokwisha takata. Sikukujibu kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, na kwa sababu, niseme kweli, na mimi nilikuwa nimeanza kuamini hivyo hivyo. Mwanamke akiambiwa kila siku kwamba kuna kitu kimepungua, mwishowe anaona kilichopungua ni yeye.

Halafu furaha ikaja. Nilipika tena supu ya viazi na mambo yote kwa pamoja, vidole vya kuungua, siagi, ganda la mkate, na bakuli likarudi tupu! Kesho yake tupu. Keshokutwa tupu. Nilikupigia simu nikiwa sijavua hata aproni, na ulipiga kigelegele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Ukasema umeona, ni kusikiliza tu. Nilikuwa radhi unicheke mwaka mzima. Siku zile hata paka wa jirani, yule wa kijivu aliyekuwa mbavu tupu, alianza kunawiri, manyoya yanang'aa, tumbo linaburura chini. Nikamtania mume wangu kwamba chakula cha nyumba hii sasa kinashibisha kwa harufu. Tulicheka. Nakumbuka tulivyocheka na hata sasa ninavyoandika natamani nijifinye.

Utaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwepo. Lakini wewe ni binti yake, mimi ni mkwe wake. Wewe ungeingia, ungekaa kitandani, ungemwambia fungua mdomo nione. Mimi nagonga, naweka sinia kwenye stuli, namkaribisha chakula, naondoka. Siwezi kusimama nikamtazama baba mkwe anavyotafuna. Na yeye mwenyewe aliomba awe anakula chumbani, kwamba meno yamemchakaa na anaona haya mbele ya watoto. Mume wangu akirudi anamkuta ameshakula, sahani safi, wanazungumza habari za magari, wanalala. Heshima ilimficha. Sote tulikuwa tunamheshimu vizuri sana.

Kilichonifumbua macho ni mkanda. Unaujua ule mkanda wa ngozi nyeusi aliojitengenezea mwenyewe, wenye kifungio cha chuma. Alikuwa amelala mchana, nami nikachukua suruali zake kwenda kufua. Nikauchomoa mkanda, nikataka kuutundika msumarini, mkono ukasita. Ulikuwa na matundu mapya. Yamefuatana kutoka pale tundu la zamani lilipokuwa, yakaingia ndani, ndani, mpaka karibu na katikati ya mgongo wa mtu. Na ukitaka kuficha kitu, wifi, usiwe fundi. Mtu mwingine angetoboa kwa msumari wa moto, ningedhani panya. Yeye kila tundu amelitia kile kipete cha bati kinachowekwa kwenye matundu ya kamba za viatu, akakigonga kikakaa sawasawa. Ncha iliyokuwa inabaki ikining'inia ameikata, akaishona upya kwa uzi uliopakwa nta, kazi safi ya kuuzwa dukani. Hakuweza kuacha tundu bila kulimaliza. Nilikaa pale uani na mkanda magotini, na povu likanifia kwenye beseni. Mtu ambaye sahani zake zinarudi tupu hatoboi mkanda kuelekea ndani.

Siku iliyofuata nikampelekea supu yake, nikamkaribisha, nikatoka kama kawaida. Lakini badala ya kurudi jikoni nikazunguka uani na ndoo ya nguo, nikaanza kuanika karibu na dirisha lake. Mungu anisamehe, nilichungulia. Baba alikuwa amekaa wima na kitambaa kifuani. Alichukua kijiko, akakitia mdomoni, akafumba macho, akaweka kiganja hapa, chini ya koo pale mifupa inapokutana, akasubiri. Kisha akakirudisha chote ndani ya kitambaa. Akapumzika. Akajaribu tena, kidogo zaidi, na machozi yakawa yanamtoka bila kulia. Mwishowe akasimama na bakuli, akaliweka kwenye ukingo wa dirisha, akamwita paka kwa sauti ile ile ya upole anayoniitia mimi.

Shati la mtoto lilinidondoka likaingia matopeni, na nikaliacha. Niliingia chumbani bila kugonga, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niolewe, nikakaa sakafuni mbele yake. Aliona haya, akaanza kusema kwamba supu ni nzuri, ila kuna kitu. Nikamkata kauli, mimi huyu. Nikamwambia ndiyo baba, na leo nimekiona, ni wewe.

Ndipo akasema. Alisema chakula kinashuka mpaka pale kinagoma, kama kiatu kidogo kwenye mguu mkubwa. Kilianza na nyama, akaacha nyama. Kikaja mkate, kisha wali, kisha viazi. Akaona akisema koo linakataa tutamkimbiza hospitali, kwa hiyo akatafuta neno lisilodhuru mtu. Alidhani akisema kuna kitu kimepungua, tutachoka kupika na tutamwacha na chai yake. Hakujua tutapigiana simu nchi nzima. Alipoona mimi na wewe tunavurugana, na amesikia zaidi ya tunavyodhani kwa zile mbao, akaamua bora sahani zirudi tupu ili nipate amani. Yaani wifi, yule paka alikuwa ni huruma yake kwangu mimi.

Na hospitali alishakwenda. Siku ile aliyotuaga kwamba anakwenda kununua ngozi na gundi, alikwenda kwa daktari peke yake. Wakamwangalia ndani kwa mpira wenye taa na kukata kipande kidogo cha kupima, akarudi kuchukua majibu siku nyingine aliyosema tena kwamba anafuata gundi. Gundi ile sikuwahi kuiona, na sikuuliza. Ameambiwa ana uvimbe kwenye njia ya chakula. Daktari alimwambia kwamba bado kuna la kufanya ikiwa atawahi hospitali kubwa, hiyo ya huko mjini kwenu, karibu na shule yako. Watamwekea mpira wa kupitishia chakula apate nguvu kwanza, kisha waushughulikie uvimbe wenyewe. Hakumwahidi kupona, lakini alimwahidi kujaribu, na alimwonya asisubiri mpaka hata maji yagome.

Sasa sikia kwa nini hataki kwenda. Nilidhani ni woga, maana tuliyaona yaliyompata mama. Siyo woga. Ni wewe. Alisema ulipomuuguza mama uliacha kazi yako ya hotelini, ukalala kwenye mkeka chini ya kitanda cha wodi mpaka goti likaharibika, na ulipotoka huko ukakuta kazi imeshapata mwenyewe. Ukaosha vyombo vya watu muda mrefu kabla ya kupata jiko lako. Sasa ndiyo kwanza umevaa kofia ya mpishi mkuu. Alisema akitia mguu mji ule, utaivua kofia siku hiyo hiyo, na yeye hatakunyang'anya kazi mara ya pili. Ameshamaliza hesabu zake, anasema. Nilimwambia kwa heshima zote za mkwe kwamba hesabu hiyo ni ya kijinga. Akacheka kidogo, akakohoa, akasema mke wa mwanangu ana mdomo, afadhali.

Kisha akaniomba nimwahidi. Nisikuambie wewe, nisimwambie mume wangu, kwa sababu mume wangu akijua atafoka, atambeba begani mpaka kwenye gari, na baba akibebwa kwa nguvu, unamjua, atafunga mdomo asiongee na mtu. Aliniomba kama mtu anayeomba maji. Nikaahidi. Ni mara ya kwanza baba yenu kuniomba kitu ambacho siyo chumvi, ningekataaje?

Tangu hapo nimekuwa na siri yangu ya jikoni. Supu yako ya viazi naichuja kwenye kitambaa cheupe, naikamua, naongeza maziwa mpaka inakuwa nyepesi ya kunyweka, vuguvugu, siyo ya moto. Nakaa naye, haya zimetuisha, nampa kijiko kimoja na kusubiri kama unavyosubiri mtoto abeue. Mwanzoni alikuwa anamaliza kikombe. Baadaye nusu. Mume wangu ananiuliza kwa nini baba amepungua, namwambia uzee, na nikisema hivyo nageuzia uso kwenye jiko. Juzi hata ile iliyochujwa ilimrudia puani, akatoka nje akashika ukuta. Wifi, nimekuwa mwongo ndani ya nyumba yangu, na uongo wangu unamnyima baba yenu siku alizobakiwa nazo.

Jana ndiyo iliyonimaliza. Asubuhi aliniita akaniambia leo nipike supu ya kweli, nzito, yenye kila kitu, kitunguu kikaangwe kwa siagi mpaka kiive rangi. Nikafurahi, nikadhani koo limelegea. Akachukua kigoda chake akakiweka mlangoni mwa jiko, akakaa, akaegemeza kichwa kwenye mwimo wa mlango. Nikakaanga. Hakutaka kuonja. Alitaka kunusa tu. Kila harufu ilipobadilika alikuwa ananiambia bila kufungua macho sasa umetia karoti, sasa umezima moto, sasa maziwa. Hakukosea hata mara moja. Nilipomaliza akaniita nikae karibu yake, akaniomba radhi. Baba mzima, mkwe wangu, ananiomba radhi mimi! Akasema supu yangu ilikuwa ndiyo yenyewe tangu siku ya kwanza, kabla ya simu yoyote, kabla ya siagi na maganda ya mkate. Akasema ilikuwa ya mama kabisa, na kwamba siku ile ya kwanza alipoionja alitamani kulia, kwa sababu ilikuwa ndiyo yenyewe na haikuweza kushuka.

Nililia, wifi, nikalilia ndani ya aproni. Na nilipomaliza kulia nikakata shauri. Ahadi niliyompa naivunja leo kwa kalamu hii, na ninaivunja nikiwa na akili zangu timamu. Akitaka kuninunia, aninunie akiwa hai. Mume wangu nitamwambia jioni hii akishanawa, na nitashika funguo za gari mimi mpaka hasira zimshuke, asije akafanya ya kubeba watu mabegani.

Lakini sisi wawili hatumuwezi. Unajua mwenyewe ni nani anayemuweza. Baba tangu umezaliwa hajakuita mwanangu hata siku moja, amekuita mama, kwa kuwa umebeba jina la mama yake. Sote tumekuwa tukitania kwamba mimi nina mama wakwe wawili, na mdogo ndiye mkali. Unakumbuka lile jino lililomvimbisha shavu, akawa anatafuna karafuu na kumfukuza kila aliyetaja daktari. Ulikuja kwa likizo, ukasimama mlangoni, ukamwambia avae viatu. Hukusema neno la pili. Akavaa viatu akakufuata kama mtoto wa shule. Jino lile lilikuwa mzaha. Hili siyo mzaha, na mwenye amri ni wewe yule yule.

Kwa hiyo nakuomba usinitumie tena maelezo ya kupika. Usinitumie viungo, wala usipige simu kwanza, atasikia sauti yako na kujitayarisha kukataa. Njoo wewe. Kazini kwako waeleze ukweli, na mimi nimeshafikiri hilo: mkishampeleka huko, nitakuja mimi kukaa naye wodini. Shangazi amekuwa akisema anatafuta mahali pa kuwa na shughuli, atakuja huku kwa watoto. Wewe utapika shuleni kwako mchana na kuja kutuona jioni na kofia yako kichwani, ili baba aione. Safari hii mkeka ni wangu. Magoti yangu bado mazima na sina kazi ya mtu ya kupoteza. Mwambie hivyo kabla hajaanza hesabu zake.

Yale uliyoyasema kwenye simu yamekwisha, usije na uso wa kuomba msamaha, hatuna muda huo. Njoo na uso wa mama. Simama pale mlangoni, mwambie mwanao avae viatu. Amevitengeneza mwenyewe, viko chini ya kitanda, vimepigwa rangi kama vya mtu anayesubiri kuitwa. Na akikuuliza ni nani aliyesema, usinifiche. Mwambie ni mke wa mwanawe, yule ambaye supu yake haikuwa imepungukiwa na kitu.

Watoto wanakusalimu, na mdogo kabisa anauliza kama utakuja na ile biskuti ya shule. Jirani wa mlango wa pili anakusalimu pia, huyo shahidi wangu. Mume wangu angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia; zihesabu salamu zake kuwa zimo. Baba amelala sasa hivi, nasikia pumzi zake kwenye mbao. Kwenye jiko kuna sufuria ya supu ya jana ambayo hakuna mtu aliyeigusa, naipasha tu isichache. Ukiwahi basi la asubuhi utaikuta.

Ni mimi wifi yako, mke wa mdogo wako, ninayekungoja.